Hawakupoteza Maisha, Waliuawa: Neno Kuhusu Makala ya Westgate



Wiki mbili zilizopita kijana mmoja niliyemfundisha miaka ya nyuma aliniletea rasimu ya makala ya ensaiklopidia. Yeye na wenzake wamejipa kazi njema ya kuandika, kwa Kiswahili, makala za kueleza mitaa na majengo ya Nairobi, na hii ilikuwa makala ya jumba la maduka la Westgate. Pamoja na rasimu alinitumia karatasi ya alama. Wenzake walikwisha kuipima na kuipa daraja la juu. Kilichobaki ni mimi kuipitishia macho na kusema ichapishwe. "Mwalimu," aliniandikia, "ni ya jengo tu, haitakuchosha."

Niliisoma mara tatu, kisha nikamjibu kwamba haijafaa. Akaniuliza, kwa adabu lakini kwa uchungu ulioonekana, kosa liko wapi, maana kila kisanduku katika karatasi ya alama kilikuwa kimetiwa tiki. Haya ndiyo majibu yangu. Nayaweka hadharani kwa kuwa kosa si la kijana huyo peke yake. Ni kosa la namna tunavyopima maandishi ya maarifa katika lugha yetu, na nimechoka kulinyamazia.

Nianze kwa kuitendea rasimu haki yake. Ni ndefu. Inataja mtaa wa Westlands na mwaka wa kufunguliwa, 2007. Inataja ghorofa, ukubwa wa eneo kwa futi za mraba, aina za maduka, benki, mikahawa na maegesho ya magari. Inataja shambulio la Septemba 2013 na kufunguliwa tena kwa jengo Julai 2015. Kila aya ina tanbihi yake, na sikuona tarehe hata moja niliyoijua kuwa ya uongo. Kwa mizani ya kuhesabu, makala imetimia.

Sasa soma nami sentensi hii, ambayo ndiyo kitovu cha makala nzima: "Tarehe 21 Septemba 2013 tukio la kusikitisha lilitokea katika kituo hiki cha manunuzi ambapo watu 67 walipoteza maisha yao."

Ndugu msomaji, mtu hupoteza ufunguo. Hupoteza mwavuli, hupoteza njia gizani, hupoteza fedha katika biashara. Apotezaye kitu ndiye mwenye kutenda, hata kama hakukusudia. Basi katika sentensi hii watu 67 ndio watendaji, na walichokitenda ni kupoteza. Hakuna aliyewapokonya. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kifo: tuna kufa, tuna kufariki, tuna kuaga dunia, tuna kufishwa, na tuna kuuawa. Kila neno lina mahali pake. Mzee aliyelala kitandani akiwa amezungukwa na wanawe amefariki. Aliyepigwa risasi akiwa amejificha nyuma ya kaunta ameuawa. Nakubali kwamba "kupoteza maisha" kumezoeleka redioni na magazetini, na palipo na gharika au ajali ya barabarani pengine nitanyamaza. Hapa sinyamazi.

Tazama pia kazi ya sarufi. Kauli ya kutendwa huacha kiti kitupu nyuma ya kitenzi: waliuawa na nani? Sentensi yenyewe inauliza, na mwandishi mwaminifu hulazimika kujibu. "Walipoteza maisha" haina kiti hicho; inafunga mlango na kuondoka. Ndiyo maana mwandishi aliweza kumaliza aya nzima bila kusema ni nani aliyeshika bunduki. Wala hakukusudia kuficha. Alichagua neno lililomruhusu kusahau.

Na "tukio lilitokea" ni nini? Tukio ni lile lililotokea. Kusema tukio lilitokea ni kusema maji ni majimaji. Kilichofanyika kinajulikana. Jumamosi hiyo, karibu na saa sita mchana, watu wanne wenye bunduki na maguruneti waliingia Westgate na kuanza kuwapiga watu risasi. Mashahidi walieleza kwamba baadhi ya mateka waliulizwa dini yao kabla ya kuachwa au kuuawa. Kundi la al-Shabaab la Somalia lilitangaza kuwa ndilo lililohusika, likasema ni kisasi kwa sababu jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011. Mapambano na vikosi vya usalama yaliendelea hadi tarehe 24, na sehemu ya jengo ikaporomoka. Waliouawa walikuwa 67, bila kuwahesabu wavamizi wanne. Haya yote yanaingia katika aya moja fupi kuliko ile ya rasimu inayoeleza mikahawa.

Nije kwenye jina la kitu chenyewe. Rasimu inaita Westgate "kituo cha manunuzi". Kituo chatokana na kutua: ni pale basi linapotua, ni pale msafiri anaposhusha mzigo. Manunuzi ni yale yanayonunuliwa. Ukiyaunganisha hupati picha ya jengo lenye maduka mengi chini ya paa moja. Unapata maneno mawili ya Kiswahili yaliyovaa koti la lugha nyingine. Wakenya walikwisha kulipa jengo la namna hii jina zamani. Husema jumba la maduka, au jumba la kibiashara, na ukimwambia utingo wa matatu "nishushe Westgate" hakuulizi ni kituo cha nini. Tunalo soko, tunalo gulio, tunalo duka, na tumelikubali supamaketi bila ugomvi. Lugha yenye maneno haya yote haihitaji kuazima mfupa na kuuvika ngozi yake.

Ukurasa wa pili nilikuta neno lililonifanya niweke kalamu chini. Duka kubwa la Nakumatt, ambalo lilikuwa ndilo duka maarufu kuliko yote katika jengo hilo, limeitwa "mpangaji wa nanga". Nanga! Mtu wa Lamu akisoma hapo atatafuta jahazi. Mwandishi, au mashine iliyomsaidia, aliona neno la kigeni la wenye majengo, akalifasiri kipande kwa kipande, na hakujiuliza kama yuko Mswahili yeyote atakayelielewa. Alikuwa na uwezo wa kusema kwamba hilo ndilo duka kubwa lililowavuta wateja wengi kuja jengoni. Sentensi hiyo haina istilahi hata moja, na kila mtu anaielewa.

Utasema, hayo ni ya maneno tu, na mimi ni mwalimu wa maneno, lazima nilie. Basi twende kwenye maarifa.

Katika aya ya vifaa vya jengo, rasimu inasema kuna maegesho ya magari kwenye ghorofa ya juu. Ni kweli. Inataja idadi ya magari yanayoenea. Aya tano mbele, katika habari za shambulio, maegesho hayo hayatajwi tena. Lakini siku ile, kwenye maegesho hayo hayo ya juu, palikuwa na mashindano ya upishi ya watoto. Watoto na wazazi wao walishambuliwa pale, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo mtangazaji wa redio Ruhila Adatia-Sood, aliyekuwa akiyaongoza mashindano. Mwandishi alikuwa na paa mkononi na hakujua la kufanya nalo. Aliliandika kwa sababu fomu ilikuwa na kisanduku cha maegesho. Kama angejiuliza msomaji anataka kujua paa hilo kwa nini, aya mbili zingekutana, na idadi ya magari ingeacha kuwa tarakimu tupu.

Hapo ndipo ninapoona ugonjwa wenyewe. Maelezo ya jengo yamekaa upande mmoja, na yaliyowapata watu ndani ya jengo yamekaa upande mwingine, kana kwamba ni majengo mawili. Ukumbi wa katikati ulio wazi hadi juu, kumbi zinazoelekeana, milango ya nyuma, duka kubwa lenye rafu ndefu: vitu hivi katika rasimu ni sifa za kuvutia wateja. Kwa waliokuwa ndani siku ile vilikuwa mahali pa kuonekana au pa kujificha. Makala ya jumba la maduka ambayo haiwezi kueleza jumba hilo kwa namna watu walivyolitumia, siku za amani na siku ya maafa, haijaeleza jumba. Imenakili tangazo la mpangishaji.

Ugonjwa wa pili unaitwa "inasemekana". Rasimu inasema: "Inasemekana kulikuwa na visa vya wizi wakati wa operesheni." Nani anasema? Neno hili ni kichaka chetu cha Kiswahili. Mwandishi akiogopa huingia humo na kukaa kimya. Ukweli hauko kichakani. Picha za kamera za ulinzi zilizowaonyesha askari wakitoka na mifuko ya plastiki zilirushwa kwenye televisheni, na Oktoba 2013 mkuu wa majeshi mwenyewe alitangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa ajili ya wizi huo. Vivyo hivyo kuhusu wavamizi: serikali ilisema kwanza kwamba walikuwa kati ya 10 na 15, kisha idadi ikashuka hadi wanne. Ensaiklopidia haina haja ya kumlaumu mtu yeyote hapa. Inatakiwa kusema nani alisema nini, na lini. "Inasemekana" haisemi hata kimoja.

"Wananchi nao walisaidia," rasimu inaongeza, kisha inanyamaza. Wananchi gani? Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, Mkenya Mwislamu mwenye asili ya Kisomali, aliyeingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake na akabaki kuwatoa watu asiowajua. Jina lake limo katika kumbukumbu za umma, na linajibu kwa sentensi moja uvumi ulioenea wakati ule dhidi ya Wasomali wote wa Nairobi. Mwandishi mwoga wa majina amejinyima hoja bora aliyokuwa nayo.

Sasa niwaambie wapenzi wa ushairi jambo lililonitia hasira kuliko yote. Rasimu imetaja maduka kwa majina yake. Imetaja aina za viatu vinavyouzwa. Lakini kati ya watu 67 haikumtaja hata mmoja, na mmoja wao alikuwa Kofi Awoonor.

Awoonor, mzaliwa wa Ghana mwaka 1935, alikuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa bara hili. Aliijenga kazi yake ya Kiingereza juu ya mbolezi za Waewe, nyimbo za kuomboleza ambazo nyanya yake mwenyewe alikuwa mtunzi na mwimbaji wake. Aliiwakilisha nchi yake kama balozi, hata katika Umoja wa Mataifa. Septemba 2013 alikuwa Nairobi kwa tamasha la fasihi la Storymoja Hay, kuzungumza na vijana wanaoandika. Jumamosi ile alikwenda Westgate na mwanawe. Mwana alijeruhiwa, baba akauawa. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatafutia wafu maneno yanayowafaa, leo tunamwandikia kwamba yeye na wenzake 66 "walipoteza maisha" katika "tukio". Sisi wenye tanzia na mbolezi zetu, tulioandika tungo za kulilia wafalme, mashehe na manahodha, tumeishiwa na kitenzi?

Sitaki kusema kwamba ensaiklopidia iorodheshe wote 67. Si daftari la makaburi, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida ambao jamaa zao wana haki ya faragha. Nasema tu kwamba msomaji anayemtafuta Awoonor amkute Westgate, na anayesoma habari za Westgate amkute Awoonor. Kuunganisha ndiko kazi ya ensaiklopidia.

Najua nitakavyojibiwa, maana kijana wangu amekwisha kunijibu.

Amesema kwanza: makala ni ya jengo, shambulio litapata makala yake. Nakubali nusu. Ni sawa shambulio liwe na makala yake pana, na hii itoe muhtasari. Lakini muhtasari lazima uwe wa kweli. Ufupi hauruhusu ukungu. Aliye na nafasi ndogo ndiye anayehitaji kitenzi sahihi zaidi. Tena naongeza, kwa haki, kwamba kosa la upande wa pili lipo na ni baya vilevile: makala ambayo yote ni damu, isiyosema kwamba jengo lilikuwapo miaka sita kabla ya siku ile, kwamba lilikarabatiwa, na kwamba wauzaji na wahudumu walirudi kufungua milango mwaka 2015. Kuwaandikia hao kana kwamba Westgate ni kaburi tu ni kuwadhulumu walio hai. Natafuta uwiano, na uwiano haupatikani kwa kuhesabu tanbihi.

Amesema pili: ensaiklopidia haiegemei upande, na "kuuawa" ni neno kali. La hasha. Kutoegemea upande ni kupima madai yanayogombaniwa na kumpa kila msemaji sauti yake kwa jina lake. Kwamba watu hao waliuawa halibishaniwi na yeyote; hata waliotuma wauaji walijisifu. Mwaka 2020 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu wawili kwa kuwasaidia wavamizi. Ukali uko katika jambo lenyewe. Ukilitaja kwa jina lake hujaliongeza ukali, na ukililainisha umekwisha kuegemea upande wa aliyefanya.

Amesema tatu, na hili ndilo jibu ninalolisikia kila mahali: Kiswahili bado ni kichanga katika uwanja huu, tuongeze makala kwanza, ubora utafuata. Wikipedia ya Kiswahili huziita makala fupi mbegu, na ni jina zuri. Lakini mbegu iliyooza haioti kwa kumwagiwa maji zaidi. Mistari mitano ya kweli, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ni mbegu hai. Kurasa nne za "mpangaji wa nanga" ni makapi, na tena makapi yenye hatari, kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha pili atanakili, gazeti litanukuu, na kesho mashine nazo zitajifunza kwetu kwamba hivi ndivyo Waswahili wasemavyo.

Na kama ni vigezo, tuviheshimu vile tunavyodai kuvifuata. Wikipedia ya Kiingereza ina vigezo sita vya kuita makala kuwa nzuri: iandikwe vizuri, ithibitishike, ienee mada yake, isiegemee upande, isibadilikebadilike, iwe na picha. Kuandikwa vizuri ndicho cha kwanza. Karatasi ya alama niliyoletewa inafuata orodha hiyo hiyo, na kisanduku cha kwanza kilikuwa na tiki kama vingine. Nilimuuliza kijana ni nani aliyekikagua. Akasema hakuna, walidhani ni tahajia.

Basi nimemwandikia mwanzo mpya, autumie au autupe:

"Westgate ni jumba la maduka katika mtaa wa Westlands, Nairobi, lililofunguliwa mwaka 2007. Tarehe 21 Septemba 2013 lilivamiwa na watu wanne wenye silaha, na watu 67 waliuawa, miongoni mwao mshairi wa Ghana Kofi Awoonor. Kundi la al-Shabaab la Somalia lilitangaza kuwa ndilo lililohusika. Sehemu ya jengo iliporomoka katika siku nne za mapambano kati ya wavamizi na vikosi vya usalama. Lilikarabatiwa na kufunguliwa tena Julai 2015."

Ni sentensi tano. Hazina neno zuri la kujivunia. Msomaji wa Tabora, Lubumbashi au Maskati asiyewahi kufika Nairobi ataelewa ni nini, kiko wapi, kilipatwa na nini, na kwa mkono wa nani. Kuanzia hapo na waandike ghorofa na mikahawa wapendavyo.

Kwa wote wenye kupima makala za wenzao naomba jambo moja: kabla ya kuhesabu tanbihi, isomeni kwa sauti mbele ya mtu ambaye jamaa yake alikuwa ndani ya jengo lile. Mahali mtakapoona haya kutamka, hapo ndipo pa kusahihisha.

Nimfungie kijana wangu kwa ubeti, kwa kuwa nathari amenichoka:

Neno liweke mizani, ndipo upate andika,
Aliyekufa sokoni, jina lisije futika,
Aliyeua ni nani, naye apate tajika,
Kweli haina uzani, ikiwa imefichika.

Wasalaam.